Mashu Yaliyodandia Ndege: Uchambuzi wa Kisa cha Kiwanja cha Goma

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la AFC/M23 waliingia mjini Goma, mashariki mwa Kongo, na muda mfupi baadaye kiwanja cha ndege, kile kilichobanwa na nyumba za watu kuanzia mtaa wa biashara wa Birere upande wa ziwa hadi njia ya kupanda Munigi, kikawa mikononi mwao. Tangu hapo ndege za abiria zenye ratiba zilikoma kutua, na mwaka 2025 ulikwisha hali ikiwa hiyohiyo. Kusini mwa ziwa, kiwanja cha Kavumu kinachohudumia Bukavu kilipatwa na jambo lilelile katikati ya Februari. Ndani ya wiki tatu hivi, miji mikuu ya Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, ikawa haina mlango wa angani kuelekea nchi yao wenyewe.

Katika mazungumzo ya mjini, kufungwa huku hutajwa kwa sentensi mbili zinazofuatana kama mapacha: utalii umekufa, na chakula kimekuwa kigumu. Kisa kinastahili kuchambuliwa kwa sababu sentensi hizo, kila moja ikipimwa peke yake, hazisimami vizuri. Mtalii wa gorila hakuwa akitegemea kiwanja cha Goma, na mji wa Goma haukuwa ukila chakula cha ndege. Hata hivyo hasara ni ya kweli, na imewaangukia watu wa hoteli na watu wa chakula kwa pamoja, siku zilezile. Kazi ya uchambuzi ni kuonyesha ilipitia wapi.

Tuanze na mtalii, kwa kuwa yeye ndiye anayetajwa sana na ndiye anayeeleweka vibaya zaidi. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, ina karibu theluthi moja ya gorila wa milimani waliobaki duniani, ambao kwa jumla ni elfu moja na ushei. Mzungu aliyekuja kuwaona ngagi hao, au kupanda volkano ya Nyiragongo na kulala kileleni akitazama ziwa la moto, kwa kawaida alishuka Kigali, akasafiri kwa gari kilomita zisizozidi 160 hadi Gisenyi, akavuka mpaka wa Grande Barrière kwa miguu, na upande wa pili akakuta gari la hifadhi likimngoja. Ndege zetu hakuzihitaji, na mara nyingi bima yake haikumruhusu kuzipanda. Tena, utalii huo ulikuwa umeanguka kabla ya Januari 2025, na si mara moja. Mwezi wa Mei 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa nyara, naye askari mmoja wa hifadhi, Rachel Masika Baraka, akauawa akiwalinda. Milango ikafungwa hadi Februari 2019. Machi 2020 ikafungwa tena kwa ajili ya Covid. Mei 2021 volkano ikalipuka. Mwishoni mwa 2022 vita vikafika Rutshuru na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, na safari za kuwaona gorila zikabaki katika picha. Mtu anayedai kwamba kufungwa kwa kiwanja ndiko kulikowafukuza watalii wa Virunga anamshitaki mtu aliyefika msibani baada ya mazishi.

Lakini Goma ilikuwa na mgeni mwingine, ambaye hakuna bango lililowahi kuchapishwa kwa ajili yake. Alikuwa mfanyabiashara wa Kinshasa aliyekuja siku nne, mwalimu wa chuo kikuu aliyealikwa kufundisha kozi moja kwa wiki mbili, mjumbe wa semina, mwanamuziki aliyekuja kupiga katika Amani Festival ambayo tangu mwaka 2014 ilikuwa ikikusanya maelfu ya watu Collège Mwanga, mfanyakazi wa shirika aliyetoka Kisangani au Bunia kwa mapumziko, na ndugu waliokuja harusini. Mgeni huyu hakujiita mtalii. Alilala hotelini kando ya ziwa, alikula sambaza na tilapia, Jumamosi alipanda mtumbwi wa injini kwenda kutembea, labda hadi kisiwa cha Tchegera, na siku ya kuondoka alinunua jibini la Masisi la kupelekea nyumbani, kwa maana mtu aliyetoka Goma mikono mitupu huulizwa maswali huko Kinshasa. Huyu alikuja kwa ndege, kwa sababu kati ya Goma na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 za mstari ulionyooka na hakuna barabara ambayo mtu mwenye akili timamu angeifuata kwa ajili ya semina ya siku tatu.

Kutoka nje ya nchi pia kulikuwa na njia: Ethiopian Airlines ilikuwa ikitua Goma ikitokea Addis Ababa, na Septemba 2021 Jambojet ya Kenya ilianzisha safari ya Nairobi. Abiria wao wengi walikuwa wa kazi na biashara. Kiwanja kilipofungwa, ni wageni wa namna hii waliotoweka kwa siku moja, na kwa kuwa hawakuwahi kuhesabiwa kama utalii, hasara yao nayo haihesabiwi popote. Mwenye hoteli anaijua, mpishi wake anaijua, na yule mama aliyekuwa akimletea mpishi ndoo ya sambaza kila asubuhi kutoka soko la ziwani la Kituku anaijua kuliko wote.

Sasa chakula. Hapa hesabu ndogo inatosha kuondoa dhana moja. Goma ina watu zaidi ya milioni moja. Tukikadiria kila mtu ale nusu kilo tu kwa siku, mji unahitaji tani 500 kila siku. Ndege ndogo zilizozoeleka katika anga letu, Let-410 na Antonov-28, hubeba takribani tani mbili au pungufu. Zingehitajika safari 250 na zaidi kila siku ili kuulisha mji huu kutoka angani, na kiwanja hakijawahi kuona msongamano wa namna hiyo hata wakati wa shida kubwa kabisa. Goma inakula kwa barabara, kwa ziwa na kwa mpaka: maharage, mahindi na viazi vya Rutshuru na Masisi, mihogo na ndizi za Kalehe na Minova zinazoteremshwa Kituku, mananasi ya Idjwi, na nyanya, maziwa na unga vinavyovushwa mpaka wa Petite Barrière kichwani na mgongoni mwa akina mama. Hata chakula cha mashirika ya misaada hupanda hasa kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Ghala za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani zilipoporwa mjini humo mwishoni mwa Januari 2025, pengo lililoachwa halikuwa la ndege.

Kwa nini basi wauza chakula walilia mara tu ndege ziliponyamaza? Kwa sababu ndege za Goma zilibeba chakula kwa kwenda zaidi ya kuja. Milima ya Masisi na Rutshuru, yenye udongo wa volkano na baridi ya kutosha, hutoa mboga ambazo nchi ya joto haiwezi kuzitoa kwa urahisi: kabichi, ambayo sisi huiita shu, karoti, vitunguu vya majani, viazi vya Ulaya. Kisangani, Kindu, miji ya migodi ya Walikale na Maniema, na meza za Kinshasa zilizoea mboga hizo. Tena kuna jibini lile la Masisi, la mviringo na la rangi ya manjano, ambalo lilianza na wamisionari na wenye mashamba wa Kibelgiji na sasa hutengenezwa na wafugaji wa milimani. Kinshasa huliita jibini la Goma tu, kana kwamba ng'ombe wanalishwa katika barabara ya Katindo.

Hapa ndipo utalii na chakula vinapokutana, na sioni kwamba jambo hili husemwa vya kutosha. Vinakutana ndani ya tumbo la ndege. Ndege ya abiria itokayo Kinshasa huruka kwa sababu kuna watu waliolipa viti. Mafuta, ambayo kwa Goma hupanda milima kwa lori na kwa hiyo ni ghali, hulipwa na viti hivyo. Ada za kutua hulipwa na viti hivyo. Mshahara wa rubani vilevile. Chini ya miguu ya abiria kuna nafasi ya mizigo ambayo kampuni huiuza kwa kilo, kwa bei yoyote inayozidi gharama ya kuipakia, maana ndege itaruka hata nafasi hiyo ikiwa tupu. Shu la Kibumba halingeweza kamwe kukodi ndege yake. Lilidandia. Mwalimu aliyekuja kufundisha, mjumbe wa semina na bwana harusi ndio waliolilipia nauli bila kujua, na kwa hiyo mama wa Birere aliweza kuliuza Kinshasa kwa bei ambayo mnunuzi wa huko angeikubali. Ukimwondoa mgeni unaiondoa ndege, na ukiiondoa ndege shu hilo linarudi kuwa shu la Goma tu, linalogombania wanunuzi walewale ambao mwezi huohuo mabenki yao yalikuwa yamefungwa na noti za faranga mikononi mwao zilikuwa zikichakaa bila mpya kuletwa.

Tuchukue mfanyabiashara wa aina inayofahamika sana Birere, asiye mtu fulani bali mfano wa wengi. Ana meza moja na mizani moja. Jumatatu hununua kwa madalali walioshusha mzigo soko la Virunga. Jumanne hufunga magunia na vikapu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumwa, huviteremsha hadi ofisi ya ajensi, hatua chache kutoka uzio wa kiwanja. Jumatano dada yake au mshirika wake anavipokea Ndjili, kiwanja cha ndege cha Kinshasa, na jioni pesa inarudi kwa simu. Mtaji wake si mkubwa, lakini unazunguka mara moja au mbili kwa wiki, na mzunguko huo ndio unaolipa shule ya watoto. Ndege zikikoma, mtaji haupotei siku ya kwanza. Unasimama. Mtaji mdogo uliosimama huliwa, kwa maana halisi ya neno, na baada ya miezi miwili haupo tena hata kama kiwanja kingefunguliwa kesho.

Bidhaa nazo hazikuumia sawasawa. Jibini linaweza kungoja: likigeuzwa na kufutwa vizuri katika chumba chenye baridi hukaa wiki nyingi, na likikomaa lina wapenzi wake. Kwa hiyo mwenye jibini alipata muda wa kutafuta njia nyingine. Viazi hungoja kiasi. Shu na vitunguu vya majani havingoji mtu. Anayetaka kujua ni nani aliyeumizwa kwanza na kufungwa kwa kiwanja asiulize ni nani aliyekuwa na mzigo mkubwa, aulize mzigo wa nani ulikuwa unaoza.

Katika safari fupi za ndege ndogo za kwenda ndani ya nchi hali ilikuwa kinyume, na kwangu ndio upande mzito zaidi wa kisa hiki. Walikale, Shabunda, Punia, Lulingu ni sehemu ambazo barabara zake ziko kwenye ramani kuliko zilivyo ardhini. Kwa miaka mingi ndege ndogo ziliruka kutoka Goma na Kavumu zikiwa na chumvi, sukari, sabuni, mchele, bia, dawa na mboga, zikatua katika viwanja vya udongo, au juu ya kipande cha barabara kama ilivyokuwa Kilambo karibu na Walikale, kisha zikarudi na kasiterite, yaani madini ya bati, na mawese. Katika njia hizo madini ndiyo yaliyolipa mafuta ya ndege, na chumvi ndiyo iliyodandia. Goma ikipoteza ndege inapoteza soko; Shabunda ikipoteza ndege inapoteza chumvi. Bidhaa za dukani zikianza kufika huko mgongoni mwa mtu au juu ya baiskeli, baada ya siku nyingi za matope na vizuizi ambavyo kila kimoja kina wenyewe na kila kimoja kinadai chake, bei yake haihusiani tena na bei ya Bukavu. Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre, na mgodi mkubwa wa bati wa Bisie ukasimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Kwa muda huo hata aliyelipia mafuta hakuwepo.

Goma imewahi kupitia majaribio mengine mawili ya namna hii, na yanasaidia kupima la sasa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, hata njia iliyokuwa na urefu wa karibu kilomita 3 ikabaki na 2 hivi. Kiwanja hakikufa; kilifupishwa. Miaka iliyofuata kilipokea ndege nyepesi zaidi, kwa hatari kubwa zaidi, na Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa ikaangukia nyumba na maduka ya Birere. Iliwabidi watu wangoje hadi mwaka 2015 ndipo Benki ya Dunia ilipokubali kugharamia mradi wa usalama wa kiwanja hicho. Funzo la kibiashara la miaka hiyo ni kwamba njia fupi ya ndege hupandisha bei ya kilo, lakini mzunguko wa mama wa Birere uliendelea.

Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulikuwa kinyume chake. Lava ilisimama kabla ya kufika kiwanjani, lakini ilikata barabara ya kwenda Rutshuru, na siku tano baadaye watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waliamriwa kuhama, wakamiminika Sake, Gisenyi na Bukavu. Kiwanja kilifungwa siku kadhaa. Waliokuwa Goma wakati ule wanakumbuka bei ya viazi na tatizo la maji. Sijasikia anayekumbuka ndege. Hilo linathibitisha hesabu yetu ya awali: barabara ikikatwa Goma inakosa chakula, na ndege zikikatwa inakosa pesa ya kukinunua. Dalili hizi mbili zinafanana machoni pa mtu anayepita sokoni na kuona watu hawanunui, lakini dawa zake ni tofauti, na shirika linaloleta unga mahali ambapo kilichokosekana ni mzunguko wa pesa linaweza kumharibia soko mkulima wa Rutshuru bila kumsaidia mama wa Birere.

Njia inapofungwa, watu hawakai. Wanaibana njia iliyobaki hadi ipasuke. Hilo tulilijua tayari. Mwanzoni mwa 2024 barabara ya Goma kwenda Minova ilikatwa na vita, mizigo na abiria wote wakahamia ziwani, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja. Waliokufa walikuwa makumi. 

Kwa upande wa ndege, njia mbadala ni ya mzunguko mrefu. Anayetaka kwenda Kinshasa anavuka mpaka, anaenda Kigali, na kwa kuwa tangu Februari 2025 serikali ya Kinshasa imepiga marufuku ndege za Rwanda katika anga yake, anazunguka kwa Nairobi, Addis Ababa au Entebbe ili arudi katika nchi aliyotoka asubuhi. Asiye na uwezo huo anaingia Uganda kwa Bunagana, anapanda hadi Kasese, anarudi Kongo kwa Kasindi, na kupanda ndege Mavivi, karibu na Beni. Mtu anaweza kuvumilia safari hiyo kwa ajili ya mtihani, matibabu au msiba. Hawezi kuivumilia kwa ajili ya semina ya siku tatu, wala kwa wikendi ziwani. Shu nalo haliwezi, kwa maana kila mpaka una forodha yake na kila forodha ina jua lake. Jibini linaweza, na ndilo pekee ambalo hesabu yake bado inakaribia kulipa, ikiwa mwenye mzigo yuko tayari kutoza zaidi na kupeleka kidogo.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris kuhusu Maziwa Makuu, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kingefunguliwa katika wiki zilizofuata kwa ndege za misaada. AFC/M23 ilijibu kwamba haikushirikishwa na ikalikataa tangazo hilo. Mabishano yakawa juu ya nani ana mamlaka ya kufungua, na ni mabishano mazito. Lakini kwa wanaohusika na kisa chetu swali lilikuwa jingine. Ndege ya misaada hailipiwi na viti vya abiria. Inakuja na dawa na wataalamu, na kanuni zake haziruhusu kupakia mashu ya mtu binafsi wakati wa kurudi, hata kama tumbo lake ni tupu kabisa. Ingemwokoa mgonjwa, na hilo halina bei. Isingemrudisha mwalimu wa kozi ya wiki mbili, na wala isingemrudishia mama wa Birere Jumatano yake. Kwa hiyo siku kiwanja kitakaposemwa kimefunguliwa, ningeshauri watu wasimame kwanza mbele ya milango ya zile ajensi za mizigo kando ya uzio, waone kama mizani imetolewa nje.